SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: TAA ZA NYUMA ZA GARI LA CHAMA
Tafuta hitilafu kabla ya kununua globu



Kwa kawaida masomo ya ukurasa huu huhusu daftari la fedha, stakabadhi za mazao na mikutano. Safari hii tutasoma juu ya taa za nyuma za gari. Huenda msomaji akauliza: taa na ushirika zina uhusiano gani? Naomba avumilie kidogo. Somo hili lilianza katika daftari la fedha, likaishia chini ya mkorosho huku tukiwa na bisibisi mkononi, na katikati yake ajira ya mtu mmoja ilikuwa imo hatarini.

Hati tano za malipo

Nilikuwa Mahege, wilayani Kibiti, kwa mafunzo ya makatibu wa vyama kadhaa. Kila katibu alitakiwa aje na vitabu vyake tuvipitie pamoja. Katika vitabu vya chama kimoja, ambacho sitakitaja, niliona hati tano za malipo zilizoandikwa maneno yale yale: “Globu ya taa ya nyuma, Land Rover.” Zote tano zilikuwa za muda wa miezi minne. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi, lakini mkaguzi hafundishwi kutazama ukubwa wa fedha peke yake. Jambo linalojirudia bila maelezo lazima liulizwe.

Nilipouliza, katibu aliinamisha kichwa. Akaniambia kwamba Bodi imekwisha kulijadili jambo hilo, na wajumbe wengi wanaamini kuwa dereva huleta risiti na kuzila fedha, kwa maana gari lenyewe bado linatembea gizani. Wiki mbili kabla ya siku ile, lori lililobeba magunia lilikuwa nusura liligonge gari hilo kwa nyuma, usiku, katika barabara kuu. Dereva wa lori aliliona likiwa karibu mno, akatoka nje ya lami. Hakuna aliyeumia. Lakini ndani ya gari la chama walikuwamo wanachama wanne waliokuwa wakirudi mkutanoni. Shauri la kumwachisha dereva kazi lilikuwa tayari limeandikwa kuwa ajenda ya kikao kijacho.

Niliomba dereva aitwe. Ni mtu mzima kunipita, nikamwamkia, akaitikia. Nikasema, “Mzee wangu, nieleze habari ya globu hizi.” Akajibu, “Bwana Mkaguzi, mimi nanunua, natia, taa inawaka. Siku tatu, siku nne, inazimika. Natoa ile, natia nyingine. Zile za zamani sikuzitupa.” Akaenda garini, akarudi na kopo la maziwa. Ndani yake mlikuwa na globu tano.

Tulizipima moja moja kwa umeme wa betri, mbele ya makatibu wote. Globu zote tano ziliwaka.

Basi mambo mawili yalidhihirika papo hapo. La kwanza, dereva hakuiba: alinunua kweli, na ushahidi alikuwa nao. La pili, hakuna globu hata moja iliyokuwa imeungua. Chama kilikuwa kimenunua mara tano kitu ambacho hakikuharibika, na hitilafu yenyewe ilikuwa bado imo garini. Mafunzo ya mchana ule tuliyaahirisha, tukalitazama gari. Yaliyo hapa chini ndiyo tuliyojifunza, pamoja na maelezo ambayo kila chama chenye gari la zamani kitayahitaji.

Taa ambayo dereva haioni

Taa za mbele zikizimika, dereva hujua mara moja, kwa kuwa njia haionekani. Taa za nyuma zikizimika, dereva hajui lolote. Yeye huendelea na safari akidhani kuwa anaonekana. Taa hizo hazikuwekwa kwa ajili yake, ziliwekwa kwa ajili ya yule ajaye nyuma.

Tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kiasi cha sekunde moja na nusu tangu aone kitu hadi mguu ukanyage breki, na hapo gari limekwisha kupita mita 33. Kisha lahitaji mita 36 hivi za lami kavu ili lisimame, jumla karibu mita 70. Lori lililosheheni huhitaji zaidi, na lami ikiwa na maji huhitaji zaidi tena. Lakini taa za chini za mbele, hasa zikiwa zimechakaa, aghalabu haziangazi vizuri kupita mita 50 au 60. Kwa hiyo lori linalofuata gari lisilo na taa za nyuma laweza kuliona wakati ambapo haliwezi tena kusimama. Taa nyekundu ndogo ya wati 5 yatosha kumwonya dereva huyo akiwa mamia ya mita nyuma.

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi hupita Kibiti, na tangu Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 magari huvuka Mto Rufiji bila kungoja kivuko. Malori hupita usiku na mchana. Gari la chama likitoka katika njia ya mchanga na kuingia katika barabara hiyo jioni, linaingia mbele ya malori hayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hudai taa zifanye kazi. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria, wanachama waliopanda nyuma wana haki ya kufika kwao.

Umeme huenda na hurudi

Ili kutengeneza taa, lazima kwanza tufahamu njia ya umeme. Umeme wa gari hutoka katika betri, hupita katika fyuzi (katika magari mengine taa ndogo hazina fyuzi), hupita katika swichi, hufuata waya mpaka kwenye globu, kisha hauna budi kurudi katika betri. Usiporudi, taa haiwaki. Katibu anaweza kulinganisha na masurufu. Fedha hutoka katika kasha kwa hati, lakini hesabu haifungwi mpaka marejesho yaletwe.

Njia ya kurudi haina waya mrefu kama njia ya kwenda. Watengenezaji wa magari hutumia mwili wa gari wenyewe, yaani mabati na chasisi, kuwa njia ya kurudishia umeme. Mafundi huiita ethi. Katika magari mengi upande hasi wa betri ndio ulioungwa na chasisi. Baadhi ya magari ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1970 yaliunga upande chanya. Tazama waya mnene utokao katika betri kwenda kwenye chasisi, usome alama iliyo kwenye betri, utajua gari lako ni la namna gani.

Sasa tazameni mahali ambapo taa ya nyuma imefungwa. Holda ya globu imekaa juu ya bati, bati limefungwa kwa bolti katika fremu, fremu imefungwa katika chasisi. Umeme unaorudi hauna budi kupita katika kila kiungo hicho. Kiungo kimoja kikiingia kutu, njia imefungwa, ingawa globu ni mpya na waya ni mzima.

Land Rover aina ya Series III, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, zina jambo moja zaidi. Mabati yake mengi ni ya mchanganyiko wa aluminiamu, lakini chasisi ni ya chuma. Watu husifu kuwa bodi yake haili kutu, na kweli haipati kutu nyekundu. Lakini aluminiamu inapogusana na chuma mahali penye unyevu na chumvi, huliwa na kugeuka unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme. Sisi tunaoishi karibu na delta ya Rufiji, penye mikoko na hewa ya chumvi, na njia zetu zikiwa za mchanga wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, tutauona unga huo mara nyingi kuliko wenzetu wa bara.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hitilafu ya gari letu. Kila mara dereva alipotia globu mpya, aliizungusha katika holda na kuitikisa taa yote, na mtikisiko huo ulikwangua kiungo kidogo, taa ikawaka. Baada ya siku chache za mashimo na vumbi, ikazimika. Akadhani globu imekufa.

Soma dalili kwanza

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, msaidizi akae kwenye usukani na mwingine asimame nyuma. Washeni taa ndogo, kanyageni breki, washeni indiketa ya kushoto kisha ya kulia. Andikeni kila mnachoona. Dalili kubwa ni hizi:

1. Taa ya upande mmoja tu haiwaki. Shuku globu, holda au ethi ya upande huo. Swichi ni nzima, kwa sababu upande wa pili unawaka.

2. Taa za breki za pande zote mbili haziwaki. Si rahisi globu mbili kufa pamoja. Shuku fyuzi au swichi ya breki. Katika magari mengine swichi hiyo iko juu ya pedeli, na katika mengine imefungwa katika bomba la mafuta ya breki.

3. Taa nyekundu inawaka hafifu, na ukikanyaga breki inazimika badala ya kuzidi. Hiyo ni ethi mbovu.

4. Taa nyekundu inapepesa pamoja na indiketa, au ukikanyaga breki taa za dashibodi zinawaka kidogo. Hiyo pia ni ethi mbovu. Umeme umekosa njia ya kurudi, ukatafuta njia kwa kupitia globu nyingine.

5. Taa zinawaka gari likisimama, zinazimika likipita katika mashimo. Shuku kiungo kilicholegea au waya uliochubuka.

Gari la wenzetu lilikuwa na dalili ya tatu na ya nne kwa pamoja. Katika miezi minne hakuna aliyesimama nyuma kulitazama.

Vifaa vinavyotakiwa

Vifaa si vingi: bisibisi, spana ndogo, kisu, kipande cha msasa, brashi ya meno iliyochakaa, tepu ya umeme, grisi kidogo au mafuta ya Vaseline, waya wa unene wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita mbili, vichwa vya pete vya waya, na taa ya kupimia. Taa ya kupimia mtaitengeneza wenyewe: globu moja ya volti 12 na wati 5 pamoja na nyaya mbili, moja ya kugusa kiini chake cha chini, nyingine kiunoni. Iwekeni katika kasha la zana, na iandikwe katika daftari la mali.

Hatua za kazi

Kwanza, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Sigara isiwepo karibu na betri, maana betri hutoa hewa inayolipuka.

Pili, fungua mfuniko mwekundu wa plastiki. Skrubu zikigoma, zitie mafuta, zingoje, usizilazimishe. Mfuniko ukipasuka, mwanga mweupe utatoka kwa nyuma, na ajaye ataweza kudhani kuwa gari linamjia badala ya kumtangulia. Mfuniko uliovunjika ubadilishwe. Mpaka upatikane mwingine, utepe mwekundu unaopenyeza mwanga ni afadhali kuliko tundu wazi.

Tatu, toa globu kwa kuisukuma ndani kidogo na kuizungusha. Itazame kwenye mwanga. Ikiwa uzi umekatika au kioo kimekuwa cheusi, imeungua. Ikiwa uzi ni mzima, usiitupe. Ipime kwanza. Ukitumia betri kuipima, funga nyaya kwenye globu kwanza, na mguso wa mwisho ufanye mbali na betri ili cheche isiruke hapo.

Globu ya taa ya nyuma na breki mara nyingi ni moja yenye nyuzi mbili: uzi wa wati 5 kwa taa ndogo na uzi wa wati 21 kwa breki. Vijipini vyake viwili vya kiunoni havilingani kimo, ili isiingie kinyume. Usiilazimishe. Tena usitie globu ya uzi mmoja katika holda ya nyuzi mbili, maana huunganisha njia mbili ambazo hazikutakiwa kukutana, na taa za breki zitawaka kila unapowasha taa ndogo. Baada ya hapo mtu wa nyuma hatajua wakati unapopunguza mwendo.

Nne, pima umeme wa kwenda. Msaidizi awashe taa. Waya mmoja wa taa ya kupimia uguse chuma safi cha chasisi kilichokwanguliwa, wa pili uguse kiini cha ndani ya holda. Taa ya kupimia ikiwaka, umeme unafika. Isipowaka, fuata waya kurudi nyuma kuelekea fyuzi.

Tano, pima umeme wa kurudi. Usiuondoe waya wa pili kwenye kiini. Ule wa kwanza utoe kwenye chasisi, uguse ukuta wa holda yenyewe. Ikiwa mara ya kwanza taa iliwaka na sasa haiwaki au inawaka hafifu, umeipata hitilafu. Njia ya kurudi imeziba kati ya holda na chasisi.

Pale chini ya mkorosho, hatua hii ya tano ndiyo iliyomaliza ubishi. Taa ya kupimia iliwaka kwenye chasisi, ikazimika kwenye holda. Dereva aliitazama mara mbili, akaomba arudie mwenyewe.

Sita, ondoa waya wa ethi katika betri kabla ya kugusa nyaya. Fungua bolti za taa. Kwangua kwa msasa bati, pete ya waya na kichwa cha bolti mpaka vyote ving'ae. Ndani ya holda tumia brashi na msasa uliokunjwa. Ondoa unga mweupe wote, na ufute vumbi kwa kitambaa kikavu.

Saba, ongeza waya wa ethi. Kukwangua peke yake kutasaidia kwa msimu mmoja, kisha chumvi itarudi. Dawa ya kudumu ni kufunga waya mmoja kutoka katika mwili wa holda moja kwa moja hadi kwenye chasisi ya chuma, upande wa kushoto na upande wa kulia, ili umeme usitegemee tena bolti za bati. Kaza, kisha paka grisi au Vaseline juu ya kiungo baada ya kukikaza ili maji yasiingie.

Nane, rudisha globu, mpira wa kuziba maji na mfuniko. Mpira ukiwa umekatika, ndilo tundu ambalo maji yalipitia. Badilisha. Kisha rudisha waya wa betri, ujaribu taa zote tena kama mwanzo, na tazama tena baada ya gari kupita katika njia mbovu.

Kazi yote ilituchukua muda wa saa mbili. Tulitumia waya, vichwa vinne vya pete na msasa. Hatukununua globu.

Habari za nyaya na fyuzi

Magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalifungwa vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas ya Birmingham, na nyaya zake zina rangi zenye maana. Waya mwekundu ni wa taa ndogo. Kijani chenye mstari wa zambarau ni wa breki. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, na chenye mstari mweupe ni ya kulia. Waya mweusi ni ethi. Lakini gari lililokwisha kupita mikononi mwa mafundi wengi laweza kuwa na waya wa rangi yoyote mahali popote. Rangi ikuongoze, kisha upime.

Juu ya fyuzi nitasema kwa mkazo. Hesabu yake ni rahisi: wati zigawe kwa volti, utapata ampea. Globu ya breki ya wati 21 kwa volti 12 hutumia ampea 1.75, na mbili hutumia ampea 3.5. Taa ndogo ya wati 5 haifiki nusu ya ampea moja. Kwa hiyo fyuzi ya saizi iliyoandikwa katika kitabu cha gari haiungui kwa sababu ya globu hizi. Ikiungua, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma, mara nyingi pale unapopita katika tundu la chasisi au karibu na soketi ya tela. Mwenye kuweka karatasi ya sigara au kipande cha waya badala ya fyuzi hakutengeneza kitu. Fyuzi huungua ili waya usiungue, na waya ukiungua chini ya gari lenye petroli, chama kitapoteza gari na pengine watu. Fyuzi ikiungua mara mbili, acheni kubadilisha, mtafuteni fundi wa umeme wa magari.

Siku hizi ziko pia taa za LED za kubadilishia. Hutumia umeme kidogo na hudumu, lakini zina hasi na chanya, hazitaki kugeuzwa, na zikifungwa katika indiketa ya zamani huifanya ipepese kwa kasi isiyo yake, kwa kuwa kifaa cha kupepesa kilipimwa kwa globu za wati 21. Wala hazitibu ethi mbovu.

Wajibu wa katibu

Sasa turudi kwenye vitabu. Kosa la chama kile halikuwa la dereva peke yake. Dereva alinunua bila kupima, katibu aliandika hati bila kuuliza, na Bodi ilihukumu bila kutazama gari. Hati tano zilipita mikononi mwa watu watatu na hakuna aliyesema, “Ile ya mwezi uliopita iko wapi?” Ningependa vyama vyetu vifuate taratibu hizi:

(a) Kila gari la chama liwe na daftari lake, ambamo kila tengenezo huandikwa tarehe, dalili iliyoonekana, chanzo kilichogunduliwa, vifaa vilivyotumika na jina la fundi. Neno “imetengenezwa” peke yake lisikubaliwe.

(b) Kipuri kipya kisitolewe mpaka cha zamani kirudishwe ofisini. Hapo dereva mwaminifu amelindwa, na asiye mwaminifu amezuiwa. Dereva wetu aliokolewa na kopo la maziwa ambalo hakuna aliyemwagiza aliweke.

(c) Kila gari linapotoka, mtu mmoja asiye dereva asimame nyuma, aone taa ndogo, breki na indiketa, kisha atie sahihi katika daftari la safari. Kazi hiyo haizidi dakika moja. Akiwa peke yake njiani, dereva aweza kurudi nyuma hadi karibu na ukuta mweupe jioni na kutazama mwanga wake katika kioo.

(d) Viakisi mwanga vyekundu viwepo nyuma, visafishwe, na pembetatu mbili ziwe garini. Taa zikigoma usiku, gari lisiendelee na safari kwa kutegemea bahati.

(e) Hati mbili za kipuri kile kile ndani ya miezi mitatu ziletwe mbele ya Bodi pamoja na maelezo ya chanzo, kabla ya kulipa ya tatu.

Kuhusu dereva

Katika kikao kilichofuata, ajenda ya kumwachisha kazi iliondolewa. Mwenyekiti alimwomba radhi mbele ya wajumbe waliomshuku, jambo ambalo si dogo kwa wazee wetu. Dereva naye alikiri kwamba angeliomba msaada wa fundi baada ya globu ya pili. Zile globu tano ziliingizwa katika daftari la bohari, na mpaka nilipopita tena msimu wa korosho uliofuata, chama kilikuwa kimetumia moja tu.

Maswali ya kujadiliana

Katibu asome somo hili kwa sauti mbele ya wanachama, gari likiwapo ikiwezekana, kisha wajadili:

1. Katika chama chenu, nani husimama nyuma ya gari kutazama taa kabla ya safari? Kama hayupo, ateuliwe nani?

2. Taa ya upande wa kulia inawaka hafifu, na ukikanyaga breki inazimika. Mtanunua nini kwanza? Elezeni sababu.

3. Pitieni hati za malipo za gari kwa mwaka uliopita. Ni kipuri gani kimenunuliwa zaidi ya mara mbili, na chanzo chake kiliandikwa wapi?

4. Mjumbe anasema dereva amekula fedha za vipuri. Bodi ifanye mambo gani kabla ya kutoa uamuzi?

5. Tengenezeni taa ya kupimia, mpime umeme wa kwenda na wa kurudi katika taa zote za nyuma. Andikeni matokeo katika daftari la gari, na katibu ayalete katika mafunzo yajayo.